Mwisho wa Watu Wote

Kwa miaka mingi nilikana, leo nakiri: mtindo wangu wa kumalizia nyimbo ulitokana na mitumbwi ya Lubunga.

Napiga tromboni katika orkestra kubwa ya hapa Kisangani, na ni mimi ninayeipangia muziki: nani aingie wapi, nani anyamaze lini. Wapiga saksafoni wetu wote wanaishi Lubunga, ng'ambo ya mto, na giza likiingia mitumbwi ya kuvukia huwa michache na ya kutisha. Kwa hiyo niliwaandikia kazi nzito mwanzoni. Katika wimbo wa mwisho waliondoka jukwaani mmoja mmoja, saksafoni mgongoni, wakielekea mtoni. Yalibaki matarumbeta, kisha tromboni, kisha mimi peke yangu na noti moja ndefu.

Watu walipenda. Chuo kikuu nilikosoma waliniita nieleze. Nikaeleza habari za ukimya na za kuagana, na wanafunzi wakaandika. Mpiga saksafoni wetu mkongwe, mzee mfuga nguruwe tunayemwita Papa, alikaa nyuma ya ukumbi akitazama saa. Tangu siku hiyo ananiita Professeur wa Pirogi, yaani Profesa wa Mitumbwi. Nilimbishia. Nilidai kwamba kumaliza wimbo wote pamoja kwa kelele ni kazi ya wasiofikiri. Kumbe nilikuwa nautamani mwisho huo. Niliusikia kichwani hata nikitwanga pondu, majani ya muhogo ya mboga.

Juzijuzi tukaalikwa kupiga harusini, huko huko Lubunga. Mambo yakageuka: sasa sisi wa upande huu ndio tungelazimika kuwahi mtumbwi, na mimi kwanza. Papa aliniuliza mbele ya wote kama falsafa yangu inajua kuogelea. Walicheka, nami nikacheka.

Nyumbani sikucheka. Kama tungepata pa kulala kule, ningelazimika kuandika ule mwisho wa wote pamoja niliojidai kuudharau, na huenda nisiuweze. Nilijikuta naomba tupate, kisha naomba tusipate.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Papa.

"Bon, mama Professeur, fasi ya kulala iko. Famille ya bibi-arusi inatupatia nyumba, batu yote. Kuya na chandarua yako."

Nikamuuliza basi wimbo wa mwisho tutaufanyaje, kana kwamba sijui.

"Hakuna mutu atatoka," akasema. "Andika."