Zuluma kwa Lugha Tatu

Juzi mjukuu wangu alikaa karibu yangu na simu yake, akijifunza Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Simu hiyo ukiiuliza neno moja inakupa na lugha nyingine, upende usipende. Alifika kwenye injustice, akaanza kunisomea huku akicheka namna kila taifa linavyolitamka. Kwenye Kiurdu akakwama. Nikamtamkia mimi: na-insafi, zulm. Akaniangalia. "Koko, Kiurdu ulijifunzia wapi?"

Nikamwambia aendelee kusoma. Ngoja nikueleze wewe.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa katika mtaa wa Waislamu, hapa hapa Kisangani, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville. Ukuta wetu uligusana na duka la vitambaa la jirani tuliyemwita Papa Muhindi. Mwenyewe alisema yeye ni mtu wa Pakistani, lakini mtaa ulikuwa umeshaamua. Kwenye baraza la duka lake ndipo tonton alipokuwa akishona. Tonton alikuwa mdogo wa mwisho wa baba yangu, kijana mwembamba, mpenda mzaha, aliyeimba kwa kufuata mwendo wa cherehani. Nikifikiria utoto wangu nausikia kwanza mlio ule, halafu inakuja harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye majimaji, na makemba, zile ndizi kubwa ambazo bibi alikuwa akizikaanga kwa mawese.

Nikitoka shule ya masista, kazi yangu ilikuwa kuokota pini barazani na kupeleka kahawa ya tangawizi. Bibi alikuja nyuma yangu na kiti chake kidogo, akakaa na Papa Muhindi kulinganisha maneno. Yeye anasema dunia, naye Papa Muhindi anasema duniya. Kitabu, kitab. Walifurahi kama watu wanaogundua kwamba wana shangazi mmoja. Mwaka wa 1964, siku waasi walipoingia mjini, wakachukua majora yake ya kitambaa bila kulipa, Papa Muhindi alisimama mbele ya rafu tupu akasema, "Zulm." Bibi akamwambia hata sisi tunasema hivyo hivyo, zuluma.

Mimi nikataka kujua neno hilo maana yake nini hasa. Papa Muhindi alikuwa mtu wa kupenda kufundisha. Alinieleza kwamba kwao kuna na-insafi, ambayo ni kukosa usawa, kama mtoto mmoja apewe nyama na mwenzake apewe mchuzi. Lakini zulm ni nzito kuliko hiyo: ni mwenye nguvu kukukanyaga, nawe huna mahali pa kwenda kushtaki. Waingereza waliomsomesha utotoni, alisema, yote mawili waliyatia katika neno moja, injustice. Nikamwambia masista nao wanaliandika hivyo hivyo kwa Kifaransa. Basi tangu siku ile, bibi akimpa binamu yangu kemba kubwa kuliko langu, mimi nalia na-insafi, na tonton anacheka mpaka uzi unakatika.

Waasi walikaa mjini miezi. Vijana walioingia jeshi lao walichanjwa alama ndogo usoni na kifuani, dawa ya kuzuia risasi. Tonton hakutaka. Akavuka mto kwa mtumbwi, akajificha Lubunga katika shamba la mihogo la rafiki yake, akarudi tu siku ndege za serikali zilipopita chini juu ya mapaa yetu na waasi wakakimbia. Alirudi amekonda, ananuka moshi. Bibi alimwogesha kama mtoto.

Ikatoka habari kwamba kila mtu afunge kitambaa cheupe kichwani kuonyesha yuko na serikali. Papa Muhindi akatoa shuka, tonton akalikata vipande, akawagawia watu wa mtaa. Chake alikifunga kwenye paji la uso.

Asubuhi yake walikuja askari, nyumba kwa nyumba, pamoja na mzungu mmoja wa wale waliokodiwa na serikali kupigana, waliozungumza Kiingereza. Tonton alikuwa kwenye mashine. Askari mmoja akakiinua kile kitambaa kwa kidole. Chini yake, kati ya nyusi, palikuwa na chale mbili.

Chale zile zilikuwa za zamani. Tonton alipokuwa mtoto kichwa kilimsumbua sana, bibi akampeleka kwa mganga wa upande wa Bengamisa, akachanjwa na kupakwa dawa. Nusu ya watu wa mtaa walikuwa nazo. Bibi alimshika yule askari mkono.

"Ni mimi nilipeleka yeye achanjwe. Alikuwa mutoto mudogo, kichwa ilikuwa inamuuma. Angalia, iko kovu ya zamani."

Askari akamjibu kwa Kilingala kwamba yeye hasikii lugha ya waasi, na kama kovu ni la zamani, kwa nini limefunikwa?

Papa Muhindi akatoka dukani na tepu ya kupimia shingoni, akaenda moja kwa moja kwa yule mzungu. Alisema mengi, kwa sauti ya chini, mikono imeunganishwa. Mimi nilishika neno moja tu, injustice, kwa sababu alilirudia. Mzungu alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu kifupi, akaenda kuangalia nyumba ya pili.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Anasema hiyo si kazi yake."

Tonton alikuwa ameshafungwa mikono. Alimgeukia bibi. "Mama, suruali ya mwalimu iko kwenye mashine. Imebaki mguu mumoja. Papa Muhindi amalize."

Wakampandisha kwenye lori.

Bibi alipika pondu ya majani ya mihogo na samaki, akapeleka mahali walipokuwa wakiwaweka watu. Askari walipokea chakula, wakasema yuko ndani. Akapika tena, wakapokea tena. Nilikuwa nikienda naye, nimebeba kwanga, ile mikate ya muhogo ya kufungwa kwenye majani. Mwishowe kijana mmoja wa mlangoni, mtu wa huku kwetu, alitufuata mpaka barabarani. Alisema kwa Kiswahili, bila kututazama, "Mama, usilete tena."

Bibi hakulia pale. Alilia barazani kwa Papa Muhindi, ambaye alikuwa amekaa mbele ya mashine bila kuigusa. Akamuuliza, "Na mimi niliyempeleka achanjwe ili apone, hiyo kwenu inaitwa nini?"

Papa Muhindi akasema haina jina.

Njia zilipofunguka alifunga duka akaenda zake, hatukusikia tena habari zake. Bibi naye alikufa, na nyumba zile mbili zilibomolewa. Leo pale wanauza sementi. Siku ya Idi, watu wakitoka msikitini huenda makaburini kusoma dua. Mimi huenda kwa bibi, nikasoma. Nikimaliza hubaki nimesimama, kwa sababu iko dua ya pili ya kusoma, ya tonton asiye na kaburi, na sijui nigeukie upande gani.