Kuku Aliyepokewa Akarudi Kwao

Jumanne, kwenye ofisi ya watoto mjini Kakamega, nyanya mmoja alipewa barua ya kumlea mjukuu wake. Kwa shukrani akaweka kuku hai juu ya kaunta.

Karani akamsukuma kuku kwa kalamu. "Haturuhusiwi kupokea zawadi, mama."

Nyanya akairudisha barua juu ya kaunta. "Mtu akikukatalia kuku, amekukatalia na mtoto."

Mimi, mfanyakazi mpya hapo ofisini, niliingiwa na wasiwasi. Chuoni nilisomea ustawi wa jamii, nikafundishwa kukataa zawadi. Kinachofuata baada ya kukataa sikufundishwa.

Afisa wa kike, anayekaribia kustaafu, akatoka chumbani. Akamnyanyua kuku kwa mabawa, akampima uzito. "Anataga?"

"Anataganga vizuri."

"Nimempokea, mama. Sasa nifugie huko kwako Bukura. Mayai mpe mtoto."

"Na vifaranga?"

"Wako. Si wewe mfugaji?"

Nyanya akacheka, akaifunga barua kwenye leso, akambeba kuku wa afisa kwapani.

Nilimuuliza afisa kama hiyo ndiyo desturi yake.

"Nina kuku kila kijiji," akasema, akijipangusa manyoya kwenye sketi. "Miaka yote hii sijaonja hata shingo."