Coach alipigia siri zetu kelele kwa Kinande, tena kule Beni

Paa. Ile sauti ya gongo ikikutana na mupira wangu, mpaka leo iko mu masikio.

Bakubwa wa humu ndani, nawasalimia wote. Hii ilinifikia mimi mwenyewe, chumvi sikuongeza.

Miye ni murushaji wa softball, équipe ya mabinti ya Butembo. Tunarushaka mupira mukono ukipita chini, mwenye gongo anajaribu kuupiga. Kazi yangu ni asijue kama unakuja mbio ao polepole. Akijua, umekwisha.

Donc tukaenda kucheza Beni.

Coach wetu ni mwalimu, serikali ilimutuma huku toka province ingine. Hasikie Kinande. Alijifunza tu maneno mbili, ile ya mbio na ile ya polepole. Akasema ndiyo code yetu, ataiita toka pembeni.

Nikamwambia, "Coach, mais Beni nako banasema Kinande sawa sisi."

"We rusha mupira. Mambo ya akili niachie."

Jamani. Kila alipoita, batoto ba Beni wakacheka. Paa. Paa. Moja akaniambia, "Yaya, dada mukubwa, mwambie apandishe sauti kidogo, benye kuwa nyuma hawasikie muzuri."

Na coach? Eti shida ni kichwa yangu, sina concentration. Alisema vile mbele ya mama yangu.

Nikapumua. Nikaangalia tu gant, ile glovu ya Masika, mwenye kunidakia. Coach akaita polepole, nikatuma mbio. Binti wa Beni mwenye gongo akapiga upepo. Tena upepo. Tena. Akatoka.

Munajua nilipata nini? Kufukuzwa pa nafasi yangu. Eti nilikataa amri. Dimanche, ni kusema Jumapili, Beni banakuja kwetu, na Kavira ndiye atarusha. Mutoto bado, ndio anaanza. Na code ni ile ile.

Inaniuma, sitaficha. Mukubwa akikosa, kosa linawekwa mu kichwa ya mutoto. Ni haki gani hiyo?

Banadada wadogo, na we Kavira kama unasoma: concentration si kutii kila kelele. Patana na mwenye kukudakia, akuonyeshe kwa vidole, kisha angalia gant tu. Miye ningali naota kurusha mu équipe ya mbali siku moja, hiyo coach hataninyang'anya.

Nyinyi mungefanya nini? Niambieni, hata kama ni kunigombeza.

Jana nilienda ku terrain peke yangu. Pale murushaji anakanyagaka, mvua ilikuwa imechimba shimo. Nikajaza udongo, nikaukanyaga mpaka ukakaza, ili Kavira asiteleze.