Diplome Iliyobaki Kwenye Mashine

Kazi yangu ni fotokopi. Nina mashine moja chini ya ngazi za jengo fulani la Rohero, katikati ya mji, na wanaonijia zaidi ni watu wanaotafuta kazi. Wanaleta diplome, wanataka nakala za kutia kwenye dosye ya kuombea kazi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nane, kwa hiyo ninayoyaandika juu ya masomo ya watu yasichukuliwe kama hukumu. Ninaandika nilichokiona, na sina hakika kama nilikiona vizuri.

Mwaka ule mtoto wa dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa mdogo, alifaulu mtihani wa taifa, akapewa fomu ya kuchagua fakulte ya chuo kikuu. Alitaka ekonomi. Mimi nilitaka asome mekanika, kwa sababu tunakaa Buyenzi na sijawahi kuona gereji ya Buyenzi ikikosa gari. Fomu ilitakiwa Ijumaa, na ikishapokelewa haibadilishwi.

"Kila siku naona wenye ekonomi wanapita na karatasi mukononi," nilimwambia.

"Mama mudogo, we unaona tu wenye hawajapata. Mwenye amepata kazi atarudi kwako kutafuta nini?"

Tangu siku ile nimejaribu kuwakumbuka waliokuja mara moja tu, wasirudi tena. Sikumbuki uso hata mmoja.

Kati ya wale wa kurudi kulikuwa na mmoja aliyenitia baridi. Alivaa koti la kijivu, na alikuja saa sita, maofisi yakishafungwa na barabara imekuwa nyeupe kwa jua. Alitaka nakala moja, siku zote moja. Diplome yake ilikuwa ya ekonomi, yenye alama nzuri sana, na kila aliponipa karatasi ile niliikuta ina joto. Bila shaka aliibeba kifuani. Lakini alikuwa na tabia nyingine: kabla ya kuingia na kabla ya kutoka alisogea pembeni kidogo, kama anayempisha mtu. Mtu mwenyewe sikuwahi kumwona.

Jumatano mtoto aliniletea chakula, na fomu akiwa nayo kwenye bahasha. Alimkuta yule bwana akisubiri, akamwita kama mjomba.

"Tonton, samahani. Kama ungeanza upya, ungechagua nini?"

"Ile ile."

"Na kazi?"

"Kazi sina. Lakini najua vizuri kwa nini sina. Kuna wengine hawana na hawajui."

Mtoto alicheka. Yule bwana hakucheka. Hapo umeme ukakatika, nakala yake ikakwama mdomoni mwa mashine, nusu ya jina iko nje. Tulingoja. Mwishowe alisema atarudi, akasogea pembeni mlangoni, akaenda.

Umeme ulirudi saa nane. Nikavuta ile nusu nakala, nikaiweka kando. Mtoto alikuwa amekwisha kujaza fomu, ekonomi mstari wa kwanza, akataka nakala ya kubaki nayo. Naandika na hili, nisijifanye mwema: chai yangu ilikuwa karibu, na niliwaza kuimwaga juu ya ile fomu. Sikuimwaga. Nikaweka fomu kwenye kioo, nikafunga kifuniko.

Nakala ilitoka na jina lake. Nyuma ya jina lake, kwa rangi hafifu kama ya moshi, kulikuwa na jina jingine, muhuri, na neno ekonomi.

"Mama mudogo, huyu ni nani nyuma yangu?"

Nikainua kifuniko. Diplome ya yule bwana, iliyobaki humo umeme ulipokatika, ilikuwa imenata upande wa ndani, kwa unyevu wa mikono na joto. Ningesema ni ishara mbaya, angeamini. Nilimwona usoni kwamba angeamini, na angeandika mekanika palepale.

"Ni fomu yako," nilisema. "Karatasi nyepesi. Mwanga unapita."

Akanitazama sana. "Ungeweza kunitisha."

"Ego, ndiyo. Ningeweza."

Ijumaa akaipeleka ilivyo.

Yule bwana alirudi Jumatatu, saa sita. Nilimpa diplome yake, na kwa haki nikamwonyesha ile nakala yenye majina mawili. Aliisoma polepole.

"Mwambie statistiki asiikimbie," alisema. "Mi niliikimbia."

Akasogea pembeni mlangoni, akatoka. Tangu hapo hajarudi.

Mtoto sasa yuko mwaka wa pili, na statistiki inamsumbua lakini hajaikimbia. Kama nilifanya vizuri kutomtisha, bado sijui. Kwa maneno ya mtoto, asiyerudi kwangu amepata kazi, nami nataka iwe hivyo kwa yule bwana. Juzi nilikaa mbele ya mashine nikajaribu kuukumbuka uso wa yule bwana. Koti nalikumbuka, na joto la ile karatasi. Uso sikuupata.