Mbegu za Bamia

Shangazi yangu ni kungwi wa Njinjo, na hajapata kumfunda mwali kwenye nyumba isiyo na mtu mlangoni. Lazima mwanamke mtu mzima akae kizingitini, amuulize kila anayeingia swali ambalo aliyefundwa tu ndiye anayejua jibu lake. Wanaume hupita mbali. Basi nilipomwambia tuyarekodi mafunzo yake na kuyauza mtandaoni, kwa mabinti walioolewa haraka bila kufundwa, hakuuliza habari ya hela. Aliuliza, "Mlangoni atakaa nani?"

Nilicheka. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Nangurukuru, mambo haya nayaweza, na nikishaliweza jambo sina simile. Nikamweleza kwamba sauti yake haitakaa kwenye simu ya mtu. Itakaa kwenye wingu, yaani ghala la mtandaoni, imefungwa. Binti akilipa, anatumiwa kiungo kwenye namba yake. Kinafunguka kwa namba hiyo tu, na kesho yake kinakufa. Hata akimpa shoga yake, hakifunguki.

"Huyo ndiye bawabu wako," nikamwambia. "Hasinzii wala hali rushwa."

Akarekodi. Somo la saba alilikwepa siku nyingi, mwisho akalisema kwa kunong'ona. Nalitaja hapa kwa sababu limekwisha kufa. Mwanamke akizidiwa na kipigo na hana pa kusemea, amwombe kungwi wake mbegu za bamia. Basi. Kungwi hatumi mbegu, anakwenda mwenyewe kumtoa. Bibi zetu waliziomba mbele ya waume zao, na waume wakadhani yanazungumzwa mambo ya kilimo.

Wateja wakaja, kichwa kikanivimba. Mmoja alikuwa binti wa jirani yake shangazi, kaolewa Lindi mjini. Masomo yote saba aliyafungua. Mchana mmoja shangazi akiwa amekaa dukani kwangu, nikampigia yule binti nimuulize kama sauti inasikika vizuri. Akapokea mwanaume.

"Laini hii ni yangu, nimeisajili mimi," alisema taratibu, kwa adabu kabisa. "Mke wangu hana simu. Nasikiliza kwanza mimi, kisha nampa. Yeye hajui kama nasikia."

"Hata la saba?"

"La saba nimelirudia. Zuri sana." Akanishukuru, akakata.

Nikafungua kompyuta kumtafuta mwizi, na mwizi hakuwepo. Kila kiungo kilifunguliwa na namba iliyolipa, kikafa siku yake. Kufuli lilifanya kazi yake barabara, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nikaanza kupiga namba nyingine, moja baada ya moja. Akapokea mume. Akapokea mume mwingine. Akapokea kaka mtu. Nilishikwa na hasira nikatamani kupasua kitu, na sikujua hasira hiyo nimtupie nani, maana kikulacho ki nguoni mwako. Nikalifuta somo la saba. Ghala likaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, kana kwamba masikio nayo hufutika.

Shangazi alikuwa akinitazama muda wote huo. Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Simu yake ikalia ujumbe. Hakuwa na miwani, akanipa nimsomee. Ulitoka kwenye namba ileile ya Lindi.

"Shikamoo shangazi. Mimi mzima, naishi kwa raha na mume wangu. Mbegu za bamia sizihitaji tena, usihangaike kuja."

"Alishawahi kukuomba?" nikamuuliza.

"Hajaniomba. Asiyehitaji bamia hazitaji. Mtoto huyu hana simu, mwanangu. Kamwomba mumewe aniandikie kuomba mbegu, na mumewe keshajua maana yake."

Nikapiga ile namba. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, safari hii haikuita kabisa. Nilipoinua macho, shangazi alikuwa keshajifunga kanga ya pili kiunoni, amesimama barabarani, anasimamisha kila gari linaloelekea Lindi.