Mafuta ya Nyongeza kwenye Viti vya Bustani

Siku ya kwanza kazini, kwenye karakana moja ya Kijenge, Fundi Mkuu hakunipa brashi. Alinipa kiti cha mninga, akaniambia nikipindue.

"Kiti cha nje huanza kuoza kwenye nyayo," alisema. "Pale ubao ulipokatwa ndipo unaponywea maji. Anza kupaka hapo."

Nilikaa kwake miaka sita. Nilijifunza kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, na kupaka mafuta ya kitani, ambayo huzama ndani yakazuia mvua.

Biashara huria ilipoingia, hoteli za watalii zikaota kuzunguka Meru. Moja, juu ya Tengeru, ilinichukua kwa majaribio. Meneja hakuzungusha maneno: viti thelathini vya bustani vikipita salama kwenye harusi ya Jumamosi, kazi ni yangu; la sivyo, nirudi Kijenge.

Duka la rangi mjini, ambalo zamani liliuza vumbi, sasa lilijaa makopo. Nilibishana na mwenye duka mpaka akaniongezea kopo zima la mafuta ili nimwondokee. Sasa, mafuta ya kitani hupakwa, yakaachwa robo saa, kisha yaliyobaki juu hufutwa kwa kitambaa kikavu. Mimi niliona kufuta ni kutupa mali. Nikapaka mkono wa tatu, tabaka juu ya tabaka, nikaacha hivyo hivyo.

Jumamosi mama wa bwana harusi, mkulima wa kahawa kutoka mlimani, alisimama kusalimia wageni. Kiti kikanyanyuka naye, kimenata kwenye kitenge chake.

"Baba," aliniambia taratibu, "kiti chako kimenipenda, lakini mimi nina mume."

Meneja akasogea. "Hukufuta?"

"Sikufuta."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa ya nyongeza, bosi."

"Chukua vitu vyako uondoke."

"Aondoke aniache na hiki?" mama akauliza. "Kwanza anibandue."

Nilimbandua kwa tapentaini ya kuyeyushia mafuta, tone kwa tone, na kitenge kikatoka kizima. Mama akakikagua, akamwambia Meneja, "Mkono wa kazi anao. Tamaa yake ndiyo uichunge."

Meneja akanigeukia. "Utabaki. Ila kabla mgeni hajakaa, utakaa wewe. Viti vyote. Tena ukiwa na kanzu yako nyeupe ya Idi."

Nilikaa miaka kumi na tisa. Kila baada ya masika nilipaka, nikafuta, zikipita siku tatu nikavijaribu vyote thelathini, kila kimoja mara mbili, nikiwa na kanzu nyeupe. Watalii walipiga picha wakidhani ni mila. Sikuwasahihisha.

Ninyi mnaoingia kazi hii, dukani daini nyongeza bila aibu. Ila mkirudi kwenye kiti, futeni. Katika maisha yangu, mbao ndiyo mteja pekee niliyemwona akishiba anakataa cha bure.