Saa Niliyochagulia Mudogo Wangu

Kama mutoto wa mama yako anakuita asubui na sauti ya asali, anakwambia, "Yaya, mukubwa wangu, kuya unichagulie saa," kaa kwanza chini, kunywa maji, kisha umuulize: na nyumba je? Mi sikuuliza.

Mudogo wangu, ule alinifuata mu tumbo ya mama, anauzisha mawe ya shaba. Iko na nyumba ya etaje, ya gorofa, mu ville, katikati ya muji, na anakusanya saa za mukono. Haina za betri, apana. Za mashini, za Ulaya, zenye resori, ile chuma ya kujikunja, ndani. Alinunua kisanduku cha kioo cha kuzizungusha zisisimame. Kura ya umeme ikikatika, generatere inawaka kwa ajili ya saa. Siye ku Kenya, komini yetu ya bamasikini, haina ile inchi, tunakula mu giza, lakini tuache hiyo.

Nyumba ya ku Kenya njo nilitaka kusema. Baba aliijenga na mushahara wa reli, matofali ya kuchoma, dirisha za chuma alizopaka rangi yeye mwenyewe kila Pasaka. Rangi ya kijani, ile mbaya, mama alikuwa anaichukia. Baba alituachia ile nyumba sisi wawili. Mi naikala pale na mwanamuke wangu na bajukuu. Mudogo alikuwa anataka tuuzishe, mi nakataa, miaka yote nakataa. Na bila mukubwa kukubali, hakuna kuuzisha.

Basi nikaenda. Nikakuta salon imejaa: mujomba wetu, ule muzee wa meno mbili, na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu wa Kenya, na bwana mumoja munene mwenye kunukia marashi, muuzishaji wa saa. Nikawaza, saa gani inalomba bashahidi? Lakini bakanipa kiti kikubwa, nyama ya mbuzi, bukari, ugali ya moto. Tumbo ikanyamazisha akili.

Bakaleta sahani nyeupe, saa tatu juu. Kwetu, mali ya ndoa inawekwa ku sahani. Mukubwa wa jamaa akinyoosha mukono na kubeba, neno imeisha, hata alie kesho. Mi nilijua hiyo. Lakini siku ile hakukuwa bibi harusi, kulikuwa saa.

Ya kwanza ya zahabu. "Hii ya kuvaa ukienda kuongopea bantu," nikasema.

Ya pili iko na tusaa tudogo tungine ndani yake. "Na hii? Muntu mumoja atachelewa mara ngapi?"

Bakacheka. Mujomba akakohoa nyama.

Ya tatu ya chuma tu, nyembamba, mukanda mweusi. Bwana wa marashi akaigeuza. Mugongo wake kioo, na ndani gurudumu moja inaenda inarudi, sawa kifua ya kifaranga. Akasema mwenye kukusanya hatafuti kung'aa. Anatafuta ile hana, yenye kutengenezwa na mukono, haijapigwa polishi, na sanduku yake ya kwanza. Siwezi kudanganya, nilipenda ile saa.

"Yaya," mudogo akasema, "beba ile moyo yako inapenda."

Nikabeba.

Mujomba akapiga makofi. "Imeisha."

Shefu akaitikia na kichwa. Mudogo akapiga magoti mbele yangu, yeye, na suruali yake ya bei. Mi nilikuwa ningali nacheka.

"Imeisha nini?"

"Parsele ya Kenya, yaya, kiwanja na nyumba ya baba. Bwana huyu anatoa saa, anapata parsele. Umebeba wewe mwenyewe."

Nikairudisha ku sahani. Mujomba akaniangalia sawa mutoto mwenye kukojoa mu kanisa. "Mwipwa, unarudisha? Unataka kutupatisha haya mbele ya mugeni?"

Nikaangalia shefu. Shefu alikuwa anaangalia mufupa.

Sasa tunaikala ku Mokambo, kwa binti yetu, chumba moja, makamyoni ya mupaka inatutikisa kitanda. Juzi mudogo alipita akienda Zambia, akasimamisha gari kutusalimia. Nikaangalia mukono wake. Alivaa ingine, ya zahabu.

"Na ile yangu?"

"Ile haivaliwi, yaya. Ikipata alama tu, bei inaanguka. Iko mu kisanduku."

Akabaki amesimama mu mulango. Mwanamuke wangu alikuwa anachagula maharagi, hakumupa kiti. Na mi sikumwambia amupe.